Maswali ya wasomaji: Mtoto yuko darasa la nne na hajui kusoma, mimi mzazi Mkristo nifanyeje?

Mwezi huu meseji nyingi mlizotuma zinahusu shule za serikali, za msingi hasa, nikaona nisichanganye na mambo mengine, ukurasa wote uende huko huko. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba. Mie nimefundisha shule za serikali mpaka nikastaafu na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa, kwahiyo mkiniuliza haya mnaniuliza kitu ambacho nalala nacho naamka nacho. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu wengi mmeuliza hilo hilo kwa maneno tofauti.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu naishi Mbagala. Mwanangu wa kwanza yuko darasa la nne shule ya serikali hapa hapa mtaani. Darasani kwao wako zaidi ya mia na arobaini, wengine wanakaa chini, na wanaingia kwa shifti. Juzi nimempa kitabu asome nikagundua hajui kusoma, anabahatisha tu. Na kila siku anaomba mia tano ya twisheni, anayefundisha twisheni ni mwalimu yule yule wa darasani. Mume wangu anataka tuchukue mkopo tumhamishie English medium. Halafu kanisani mtumishi mmoja alihubiri kwamba mzazi aliyeokoka hawezi kumwacha mtoto wake Kayumba, yaani shule ya serikali, huko ni kukosa imani kwasababu Mungu wetu si Mungu wa umaskini. Toka siku hiyo sina raha kabisa, nikimwangalia mtoto naona kama nimemtelekeza. Nifanye nini?

JIBU: Amina mwanangu, marahaba. Nianze na hilo la mahubiri maana naona ndo limekuumiza zaidi. Sikubaliani na huyo mtumishi na nasema wazi. Watoto wengi kabisa wa nchi hii wako shule za serikali, na humo ndani wamo watoto wa mama anayeuza vitumbua na kila Jumapili analeta fungu la kumi kwenye bahasha, wamo watoto wa mlinzi wa hilo hilo kanisa. Huwezi kusimama madhabahuni ukawaambia wote hao hawana imani. Musa alifundishwa hekima ya Wamisri, Danieli na wenzake walipelekwa kusoma elimu na lugha ya Wakaldayo kwenye nyumba ya mfalme asiyemjua Mungu, na hatusomi popote kwamba wazazi wao walilaumiwa. Kukosa ada ya milioni moja na nusu si dhambi. Hilo litue chini, ulale.

Ila kinachokuuma ni cha kweli na sitakudanganya kwamba ni kidogo. Mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma yuko kwenye hatari, kwasababu kuanzia darasa la tatu mwalimu hafundishi tena kusoma, anafundisha masomo, anaandika ubaoni anaamini wote wanasoma, asiyejua anabaki kunakili maumbo ya herufi kama anachora. Na si wa kwako peke yake. Uwezo, wale watafiti wa elimu, walianza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010 kupima watoto, na ripoti zao za mwanzo zilionyesha kwamba karibu watoto saba kati ya kumi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la pili, ya Kiswahili hiyo, si Kiingereza. Serikali nayo ililiona, ndo maana mwaka 2015 ukaja mtaala wa KKK kwa darasa la kwanza na la pili, masomo yakapunguzwa ili watoto wakae kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini mwaka uliofuata tu, Januari 2016, ikaanza elimu bila malipo na watoto wakamiminika, wengine walikuwa wamefichwa nyumbani kwasababu ya elfu kumi ya mchango. Mimi nilifurahi sana na mpaka leo nafurahi, mtoto wa maskini kuingia darasani ni jambo la Mungu. Tatizo ni kwamba walimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Madarasa yamejengwa, mnakumbuka mwaka 2021 ule mkopo wa trilioni 1.3 wa UVIKO ulivyojenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa miezi michache, mengi ya sekondari na ya shule shikizi, zile ndogo zilizo chini ya shule mama. Darasa linajengwa kwa miezi mitatu lakini mwalimu hafyatuliwi kama tofali. Kiwango ambacho serikali yenyewe imekuwa ikikitaja miaka yote ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, wewe unaniambia mia na arobaini, hata huyo mwalimu angekuwa malaika, akisahihisha daftari moja kwa dakika moja tu ni zaidi ya masaa mawili kwa somo moja.

Na upande wa hela ni hivi, ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kiwango hicho kimepangwa tangu enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, mwaka 2002 wakati hiyo elfu kumi ilikuwa kama dola kumi za Marekani. Hapo elfu nne inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shuleni inafika elfu sita. Gawanya kwa miezi kumi na mbili unapata shilingi mia tano kwa mtoto kwa mwezi, ndo inunue chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, kila kitu. Sasa angalia, mia tano hiyo hiyo wewe unaitoa kila siku kwa twisheni. Siitetei twisheni ya lazima, mwalimu anayeacha kufundisha asubuhi ili auze jioni anakosea mbele za Mungu na ana mwajiri wa kumwajibisha, usiogope kulisema kwenye kikao cha wazazi. Nakuonyesha tu kwamba hela inayotoka mfukoni mwako ni nyingi kuliko unavyodhani na inaweza kufanya kazi nzuri zaidi.

Sasa tuje kwa mtoto. Kabla ya mkopo, kabla ya kuhama, jua kwanza amekwama wapi. Leo jioni akishakula kaa naye, chukua kitabu cha hadithi cha darasa la pili, si cha la nne. Funika picha kwa kiganja maana wengi wanasoma picha. Akianza kutiririka huku macho yako dirishani ujue amekariri ukurasa, mwambie aanze mstari wa mwisho apande juu, atakwama hapo hapo. Halafu mwandikie maneno peke yake kwenye karatasi: baba, meza, kisu. Akiyaweza sogea kwenye mbuzi, ndizi, nyanya, ng'ombe. Akiyaweza hayo mpe mbwa, nywele, mchwa, mwizi. Wengi niliowafundisha walikuwa wanaanguka hapa katikati, ba be bi bo bu wameziimba mpaka basi, lakini zikija herufi mbili pamoja wanaruka ya kwanza, mbuzi anakuwa buzi, ndizi inakuwa dizi, na nywele hawasemi kabisa, wanakuangalia usoni wasome midomo yako. Ukishajua anapoangukia hapo kazi imepungua sana, hufundishi kusoma kote unafundisha pale tu. Chukua silabi za kundi moja, mba mbe mbi mbo mbu, mtunge naye maneno, mbao, mbegu, mbili, mboga, mbuyu, ayaandike mwenyewe kwa mkono wake, kesho yake anaanza kwa kuyasoma ya jana kabla ya mapya. Dakika ishirini kila siku inatosha, hata ukiwa jikoni, yeye anasoma wewe unakata mchicha. Usimpige wala usimwite mjinga mbele ya wadogo zake, mtoto wa darasa la nne asiyejua kusoma tayari ana aibu kubwa kuliko unavyoiona, ndo maana anajifanya mtundu. Na kama huoni mabadiliko kabisa baada ya muhula mmoja mpeleke akapimwe macho na masikio, nimeona watoto walioitwa wazito kumbe hawaoni ubao.

Kuhusu English medium, mwambie baba nyumbani polepole. Sikatazi. Mwenye uwezo wa kulipa bila kuua nyumba amlipie mwanae, si dhambi wala si majivuno. Ila mtoto asiyejua kusoma Kiswahili anachokisikia na kukielewa, ukimpeleka akasome kwa lugha asiyoijua unamwongezea mzigo juu ya mzigo, na shule nyingi za binafsi zitampa intavyuu halafu zitamrudisha darasa la pili au la kwanza, sasa umelipa ada ya miaka miwili ya ziada. Hesabu na basi, sare, chakula, hela ya maandalio. Na kama mkopo wenyewe ni hii ya kausha damu, ya mtaani yenye riba kubwa, nakuomba kama mama usiuguse, nimeona familia imeuza kitanda na mtoto akarudishwa nyumbani muhula wa pili. Kwanza ajue kusoma. Akijua kusoma vizuri hata mkiamua kumhamisha baadaye atapaa, na asipohama bado ana silaha ya kumfikisha fomu wani, ambako lugha inabadilika kuwa Kiingereza ghafla na asiyejisomea mwenyewe anapotelea pale. Mnakumbuka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, karibu asilimia 60 walipata sifuri, nchi nzima ilipiga kelele, waziri mkuu akaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Wale watoto hawakuanza kufeli kidato cha nne. Walifeli wakiwa na miaka minane na hakuna aliyewashika mkono.

Nina neno moja na hili nawaambia wote si huyu mama tu. Sisi Wakristo tukiona shule ya serikali imechoka tunafanya mambo mawili, tunaomba na tunahamisha. Kuomba ni kwema, kuhamisha ni haki yako. Lakini wakihama wote wenye sauti, yule mfanyakazi wa benki, yule nesi, yule mchungaji mwenyewe, kikao cha wazazi kinabaki na watu ambao mwalimu mkuu akisema hela imekwisha wanaitikia ndiyo mwalimu. Kamati ya shule ipo kisheria, mwenyekiti wake ni mzazi na mwalimu mkuu ni katibu, ruzuku ikiingia kamati inatakiwa kujua na mapato na matumizi yabandikwe ubao wa matangazo kila mtu aone. Ni Wakristo wangapi kwenye kanisa lako wamewahi kugombea ujumbe wa kamati ya shule? Kwaya inajaa, kamati ya ujenzi wa kanisa inajaa, ile ya shule tunawaachia wengine. Mwanangu, uchaguzi ukija gombea. Na usiende kule kama kundi la Wakristo, kuna mama wa Kiislamu jirani yako ana mtoto darasa hilo hilo na anaumia vile vile, shikaneni, herufi hazina dini.

SWALI: Mwalimu habari za kazi ya Mungu. Nafundisha sande skuli hapa Singida. Nimegundua watoto wangu wa miaka tisa mpaka kumi na mbili wengi hawawezi kusoma mstari wa Biblia, nawapa waukariri tu. Niliomba tuwe tunawafundisha kusoma nusu saa kabla ya ibada, wazee wamekataa wanasema huo ni muda wa Bwana, masomo ya dunia yabaki shule. Nakosea?

JIBU: Hukosei kabisa, endelea kuomba kwa heshima. Waambie wazee wakumbuke wenyewe jinsi injili ilivyoingia nchi hii. Kanisa na darasa vilikuja pamoja, mahali pengi mtu hakubatizwa mpaka ajue kusoma kidogo, na katekista wa kijiji ndo alikuwa mwalimu wa herufi, chini ya mwembe na ubao mmoja. Babu zetu waliona kabisa kwamba Mkristo asiyejua kusoma atategemea kuambiwa na kila atakayekuja, na leo manabii wa kuuza mafuta na maji wanapata wapi watu? Wanawapata kwa wale ambao hawawezi kufungua kitabu wakaangalia kama alichosema kimo. Hosea ameandika watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa, najua hapo anasema maarifa ya Mungu, lakini kwa mtoto wako wa sande skuli maarifa hayo yako ndani ya kurasa ambazo hawezi kuzisoma.

Wakikataa ibada kuguswa, omba Jumamosi. Jengo la kanisa liko tupu siku sita kwa wiki, mabenchi yapo, umeme upo. Vijana wenu waliomaliza fomu foo na fomu siksi wanakaa vijiweni wanasubiri matokeo, kila mmoja mpe watoto watano asizidishe. Pangeni watoto kwa wanachokijua, msipange kwa darasa, wa darasa la sita asiyejua silabi akae na wenzake wasiojua silabi bila kusemwa. Mpokee kila mtoto wa mtaa, hata asiyekuwa wa kanisa, na msimfanyie ujanja wa kumbadilisha dini, mzazi wake akihisi hivyo tu kesho hamumuoni. Kabla hamjaanza nenda kamuone mwalimu mkuu wa shule ya jirani umweleze, atakwambia watoto gani wana shida, na mara nyingi atakuazima vitabu vya KKK vilivyojaa stoo.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni muumini huku Moshi vijijini. Shule ya kanisa tuliijenga wenyewe kwa michango, tumebeba mawe na mchanga kichwani, mama yangu aliuza mbuzi. Leo ada yake hakuna mtoto wa kijiji hiki anayeiweza, wanaletwa na magari kutoka mjini na mikoani, wa kwetu wanapita nje ya uzio wanakwenda shule ya kata. Nikisema naambiwa ninapinga kanisa. Je ni sawa?

JIBU: Milele amina. Si sawa, na kulisema si kupinga kanisa.

Nikueleze lakini tumefikaje hapo ili ukienda kuongea uongee ukijua. Zamani hizo shule nyingi nzuri zilikuwa za misheni, Pugu ilikuwa ya Wakatoliki na Mwalimu Nyerere amefundisha pale, Minaki ya Waanglikana, Ilboru ya Walutheri, na nyuma yake mamia ya shule za msingi vijijini. Ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na kuanzia 1970 serikali ikazichukua. Lengo lilikuwa jema, mtoto asikose shule kwasababu ya dini yake, na kweli kulikuwa na watoto wa Kiislamu waliokuwa wanakosa, hilo Wakristo tulikubali. Makanisa yakabaki na seminari. Miaka ya tisini milango ikafunguliwa tena, tarehe 21 Februari 1992 serikali ikasaini mkataba wa maelewano na CCT, jumuiya ya makanisa ya Kiprotestanti, na TEC, baraza la maaskofu Katoliki, kuhusu elimu na afya, makanisa yakaanza kujenga upya. Lakini safari hii mishahara ya walimu hailipwi na serikali wala na wamisionari, inalipwa na ada. Mwalimu mzuri ukimlipa kidogo anaondoka, maabara inataka kemikali, bweni linataka mchele. Kwahiyo mkuu wa shule akikwambia hawezi kufuta ada hakudanganyi.

Anachoweza ni kingine. Jumuiya zenu ziende kwa paroko, ikibidi mpaka jimboni, kwa barua na si kwa manung'uniko ya njiani, muombe nafasi kadhaa kila mwaka kwa watoto wa parokia wanaofanya vizuri shule ya serikali na wazazi hawana kitu, ada igawanywe, jimbo sehemu, jumuiya sehemu, mzazi alete mahindi na kuni. Kuna majimbo na dayosisi zinafanya. Ombi la pili ni dogo na halina gharama, na mie naliona kubwa kuliko la kwanza, ombeni maabara na maktaba ya hiyo shule ifunguliwe Jumamosi kwa wanafunzi wa shule ya kata ya jirani. Huko kwenye shule za kata wapo watoto wanaofika mtihani wa kidato cha nne wa kemia hawajawahi kushika testi tyubu, wamechorewa tu ubaoni, na mita mia tatu kutoka hapo kuna maabara ya kanisa imefungwa kufuli. Hilo linaniumiza kuliko ada.

Na mkumbuke hata hiyo shule ya msingi ya serikali iliyo karibu na parokia yenu, uwezekano mkubwa nayo ni ya misheni ya zamani, angalia tu ilivyokaa ubavuni mwa kanisa. Bibi zetu walibeba mawe na ile pia. Ilibadilishwa mmiliki, watoto waliomo ni wale wale wetu.

SWALI: Shikamoo Mwalimu mwenzangu. Nafundisha shule ya msingi mkoani Kigoma, darasa la saba, hesabu. Nimeokoka. Kila mwaka karibu na mtihani tunaitwa tunaambiwa shule isishuke, na kuna namna tunaambiwa "tuwasaidie watoto". Nimekataa mwaka jana nikaonekana msaliti, nimetishiwa kuhamishwa. Wazazi nao wanatuita wavivu. Nimechoka, nafikiria kuacha kazi.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Ulifanya vema kukataa, usimame hapo hapo. Wanaokwambia uwasaidie watoto hawatakuwepo siku ikiharibika. Mwaka 2018 NECTA, baraza la mitihani, ilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba na shule nyingine sehemu mbalimbali kwasababu ya udanganyifu, watoto wasio na hatia wakarudishwa kwenye chumba cha mtihani Oktoba mwaka ule ule, wengine wakilia, walimu na viongozi wakaandamwa. Na hata usipokamatwa, umempeleka fomu wani mtoto ambaye hesabu za kugawanya hazijui, umemtupa kwenye maji marefu halafu unasema amefaulu. Huo ni uongo kwa mtoto na kwa mzazi wake. Kama vitisho vinaendelea andika tarehe na maneno uliyoambiwa, uwe na mwenzako mmoja anayejua, na uende chama cha walimu, usipambane peke yako kwenye korido.

Kuacha kazi naomba usiache mwaka huu. Najua ulivyo, umepanda bodaboda ya hela yako, chaki umenunua, nyumba ya mwalimu inavuja, halafu mzazi ambaye hajawahi kufungua daftari la mwanae anakuita mvivu. Nimeyapitia. Kwenye makanisa yetu tunawaombea mapadre, wachungaji, wagonjwa, wasafiri, ni Jumapili gani tumewasimamisha walimu wa shule ya serikali tukawaombea kwa majina? Viongozi wa makanisa mnaosoma hapa lifanyeni hilo mwezi Januari shule zinapofunguliwa, na baada ya kuomba muwaulize wanakaa wapi. Kanisa lenye nyumba mbili tatu zimekaa tupu likimpangisha mwalimu mgeni kwa bei ndogo limefundisha watoto mia.

Kwa darasa lako la hesabu, jaribu wiki mbili za kwanza za muhula usiguse mada za la saba. Wape kuzidisha na kugawanya, wajue kichwani mpaka mara kumi na mbili, wanaojua wawafundishe wasiojua wawili wawili wewe unazunguka. Unaona kama unapoteza muda lakini ukifika kwenye sehemu na asilimia hutarudi nyuma tena.

SWALI: Mwalimu, shuleni kwa watoto wangu Njombe tumekaa kikao tukakubaliana debe la mahindi na maharage kila mzazi ili watoto wapate uji na chakula cha mchana. Mume wangu anakataa, anasema elimu ni bure na Rais alishapiga marufuku michango. Yuko sahihi?

JIBU: Nusu. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza michango ya lazima, walimu wasimfukuze mtoto kwasababu mzazi hajatoa, na hilo liko sahihi mpaka kesho, kama kuna mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya debe la mahindi mkalisemee. Lakini chakula cha shuleni ni jambo la wazazi kukubaliana kwa hiari, serikali yenyewe ilitoa mwongozo wa chakula na lishe shuleni mwaka 2021 unaohimiza hivyo, kikubwa kikao kiwe na muhtasari, uongozi wa kijiji na halmashauri wajue, na mahindi yashikwe na kamati ya wazazi, mwalimu asishike. Mwombe mumeo aende shuleni saa sita na nusu mchana siku moja aone watoto walioamka saa kumi na moja bila chai wanavyolala juu ya dawati. Wasioweza debe zima walete nusu, au wachote maji na kupika zamu, na kanisa lenu lenye shamba litoe la wale ambao hawana kabisa, yatima na wanaolelewa na bibi, bila kuwatangaza majina.

Maswali ya fomu wani na lugha yamekuwa mengi, nitayachukua toleo lijalo. Wale mnaotuma voisi noti ndefu naomba mwandike, nasikia kwa shida.